Pampu mbili mpya, na gari bado linanizimikia Kitonga

Shikamoo fundi,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Iringa. Natumia Toyota Corolla 100 ya mwaka 1994, injini ya 5A, gari aliloniachia marehemu baba. Alilipenda sana na alilitunza, ndiyo maana sitaki kuliuza.

Kila mwezi nampeleka mama kliniki Morogoro. Kwenda hatupati shida, tunaondoka alfajiri. Shida iko wakati wa kurudi. Tukishapita Ruaha Mbuyuni saa nane au saa tisa mchana, tukianza tu kupanda mlima wa Kitonga, gari linakosa nguvu. Nakanyaga mafuta halichukui, linashtuka-shtuka mara tatu nne, kisha linazima. Stata inapiga vizuri lakini haliwaki. Tukikaa kama dakika 25, linawaka lenyewe na linatufikisha nyumbani. Mara mbili limenizimikia kwenye kona, malori yako nyuma yangu na mama yumo ndani. Natetemeka hata nikikumbuka.

Fundi wa kwanza alisema ni pampu ya mafuta, akaweka ya mtumba. Likakaa vizuri wiki sita, likarudia. Fundi wa pili alichomoa soketi ya pampu, akaweka testa, taa ikawaka. Akasema umeme unafika, kwa hiyo pampu imekufa. Nikanunua mpya kabisa. Wiki tatu tu, tatizo lile lile. Sasa anasema labda ni kontroli boksi, ile kompyuta ya injini. Safari ya mwisho dereva wa fuso alitusaidia, akamwaga maji kwenye tangi kwa chini, na gari likawaka. Yeye anasema tangi linapata joto.

Plagi na filta ya mafuta ni mpya. Betri ina miezi minane. Taa ya injini kwenye dashibodi haijawahi kuwaka safarini. Huwa natembea na mafuta robo tangi kwa sababu ya hali. Baba alikuwa ameweka swichi ya siri ya kuzuia wizi, iko chini ya usukani, bado inafanya kazi. Mwanangu anayekaa nyuma husema kiti kinanuka plastiki iliyoungua, lakini mimi mbele sisikii kitu.

Fundi, ni pampu au ni umeme? Sina tena pesa ya kubahatisha.

Mwalimu, Iringa

---

Marahaba mwalimu, na pole sana kwa misukosuko. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonishtua umekiweka mwishoni kabisa, kama kitu kidogo. Mwanao anasikia harufu ya plastiki iliyoungua kwenye kiti cha nyuma. Kwenye Corolla 100, chini ya kiti hicho kuna kifuniko cha bati, na chini ya kifuniko ndipo inapopita soketi ya pampu, juu ya tangi la petroli. Waya unaochemka mahali pale haungoji mwisho wa mwezi. Naomba gari lisitoke nyumbani mpaka kiti kile kimeinuliwa na mtu ametazama. Kama kuna harufu ya petroli pia, chomoa kwanza kichwa cha hasi cha betri, fungua milango yote, na asiwepo mtu mwenye sigara wala simu ya kuchaji karibu.

Utakachotafuta pale ni soketi yenye alama ya kahawia au nyeusi kuzunguka pini moja, plastiki iliyolegea kama mshumaa, au waya uliokakamaa ukiukunja. Tafuta pia mahali ambapo fundi amekata waya akausokota kwa vidole na kuufunga tepu nyeusi. Gari lako limebadilishwa pampu mara mbili, na pampu isiyo ya gari lile mara nyingi huja na soketi tofauti. Fundi hukata, husokota, hufunga tepu, kisha hurudisha kiti. Nimeinua viti vingi, na kiungo cha namna hiyo nimekikuta mara nyingi kuliko pampu mbovu.

Sasa nije kwenye ile testa, kwa sababu hapo ndipo pesa yako ilipopotelea.

Fundi wako alichomoa soketi, akagusa, taa ikawaka. Taa ya testa hula umeme kidogo sana. Pampu ya petroli hula ampea 4 hadi 7 hivi. Waya wenye kiungo kibovu unaweza kupitisha umeme wa taa bila wasiwasi, lakini ukiuomba ampea 5 unashindwa. Tuseme kiungo kimeshika kutu na kina ukinzani wa ohmu nusu tu. Kwa ampea 5, volti 2.5 zinapotelea pale pale kwenye kiungo, na zinageuka joto. Joto linazidi kukiharibu kiungo, ukinzani unapanda, volti zinazidi kupungua. Hiyo ndiyo harufu anayoisikia mwanao, kama ninavyodhani.

Kuna Corolla moja niliyoipima mwenyewe, ya mama mmoja anayeuza samaki. Soketi ikiwa imechomolewa, mita ilisoma 12.4. Nikairudisha, nikaiwasha pampu, nikachoma pini nyembamba nyuma ya soketi na kupima tena: 8.1. Pampu ilikuwa inalia kinyonge, kama nzi kwenye chupa. Tulipoufuata waya tukakuta kiungo kimoja chini ya zulia, karibu na mlango wa dereva, mahali maji yanapoingia mvua ikinyesha. Tulikisafisha, tukakichoma risasi (ile ya kuyeyusha na kuungia waya), mita ikasoma 12.0 pampu ikizunguka. Pampu ni ile ile aliyokuwa ameambiwa aitupe.

Kwa hiyo anayekupimia umeme wa pampu, mwambie apime pampu ikiwa imeunganishwa na inazunguka. Kipimo kingine chochote hakitoshi kununua spea.

Utaniuliza, kama ni waya, mbona kila pampu mpya ilisaidia kwa wiki kadhaa? Kwa sababu kubadilisha pampu ni kuchomoa soketi na kuirudisha. Pini zinasuguana, kutu kidogo inatoka, kiungo kinasokotwa upya. Kwa muda kinashika. Ungeweza kuchomoa na kurudisha soketi bila kubadilisha kitu chochote ukapata wiki zile zile.

Na kwa nini Kitonga? Hapa barua yako imenisaidia kuliko ulivyojua. Iringa kuna baridi, gereji zote mbili zilipima gari likiwa limepoa, na kiungo kilichopoa kinapitisha umeme. Bonde la Ruaha Mbuyuni mchana ni joto kali, gari limeshatembea saa kadhaa kutoka Morogoro, halafu ghafla unaliomba lipande mlima. Injini ikipanda inataka petroli nyingi kuliko kwenye tambarare. Pampu yenye volti 8 inaweza kukuvusha Mikumi bila kukuonyesha dalili, ila mlimani haiwezi. Ongeza na robo tangi. Pampu imekaa ndani ya petroli na petroli hiyo ndiyo inayoipoza. Tena kwenye injini yako mafuta yasiyotumika hurudi tangini yakiwa yamebeba joto la injini. Petroli ikiwa kidogo, inapata moto mapema. Naelewa hali ilivyo, lakini kwa safari ya Morogoro jitahidi isishuke nusu.

Yule dereva wa fuso alikusaidia kwa moyo mwema, Mungu ambariki. Lakini maji yake hayakuthibitisha kitu. Gari lako huwaka lenyewe baada ya dakika 25 hata bila maji, na kutafuta maji, kumwaga na kushukuru kunachukua dakika hizo hizo.

Nimesema nadhani ni waya. Sijasema nina hakika, na nisingependa uondoke na dhana yangu kama walivyokupa dhana zao wale wawili. Kuna mshukiwa mwingine anayefanana sana na pampu, naye ni disitributa, kile kifaa kinachogawa moto kwa plagi.

Sikiliza jinsi gari lako linavyofanya kazi. Kontroli boksi hairuhusu pampu izunguke mpaka ione injini inazunguka, ili gari likipata ajali injini ikasimama, petroli isiendelee kumwagika. Taarifa kwamba injini inazunguka inatoka kwenye koili ndogo ndani ya disitributa. Koili ile ikichoka, huwa nzima ikiwa baridi na hukatika ikipata joto. Ikikatika, kontroli boksi haioni mzunguko, inanyima plagi moto, inanyima nozeli amri ya kupuliza petroli, na rilei ya pampu, yaani swichi ya umeme inayoiwasha, inalala. Fundi akifika anakuta pampu kimya, anasema pampu imekufa. Kumbe pampu imenyimwa ruhusa. Magari mengi ya enzi hizo yamebadilishiwa pampu bure kwa sababu hii.

Hapo hapo niseme kuhusu kusikiliza pampu. Wengi hufungua swichi, wanatega sikio kwenye tangi, wasiposikia mlio wanaihukumu. Toyota nyingi za umri wa gari lako haziwashi pampu kwa kufungua swichi tu. Pampu huamka stata inapozunguka. Kimya kile hakina ubaya.

Jinsi gari linavyozima inatofautisha mambo haya mawili kwa kiasi kikubwa. Likikosa moto huzima mara moja, kama umegeuza ufunguo. Kama gari lako lina mshale wa mzunguko kwenye dashibodi, mshale huo huanguka sifuri hapo hapo ingawa gari bado linatembea likiwa kwenye gia. Likikosa petroli hufa taratibu: linakosa nguvu, linashtuka, linajaribu, linashindwa, na mshale unashuka pamoja na injini. Wewe umeandika linashtuka-shtuka mara tatu nne kisha linazima. Hiyo ni njaa ya petroli. Ndiyo maana naielekea pampu na njia yake ya umeme kabla ya disitributa.

Ushahidi kamili unapatikana gari likiwa limezima, katika zile dakika 25 ambazo nyie huwa mnakaa pembeni mkisubiri. Beba plagi moja ya akiba na koleo lenye mpini wa plastiki. Likizima, ukiwa umeliegesha mahali salama, chomoa waya mmoja wa plagi, uchomeke kwenye plagi ya akiba, ilaze plagi ile ikigusa chuma cha injini, mbali na mabomba ya mafuta, kisha mwenzako apige stata. Shika kwa koleo, usishike kwa mkono. Ukiona cheche ya bluu inaruka kwa nguvu, moto upo, na kinachokosekana ni petroli. Usipoona cheche yoyote, usiguse pampu kabisa. Nenda kwenye disitributa. Kipimo hiki huchukua dakika mbili, na kingekuokolea pampu zote mbili.

Kipimo cha pili unaweza kukifanya Iringa, uani kwako, na ndicho ninachokitaka kwanza, kwa sababu sitaki upande tena Kitonga kwa ajili ya kutafuta ugonjwa. Fungua boneti, tafuta kiboksi cheusi chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS. Ndani yake kuna matundu, na nyuma ya kifuniko kuna ramani ya majina yake. Fundi umeme achukue kiwaya kifupi, aunganishe tundu la +B na tundu la FP, kisha afungue swichi bila kuwasha injini. Pampu itazunguka moja kwa moja bila kungoja kontroli boksi. Awe makini asiguse tundu la E1 kwa bahati mbaya, ataunguza fyuzi ya EFI.

Pampu ikiwa inazunguka hivyo, apime volti kwenye betri, kisha apime nyuma ya soketi ya pampu bila kuichomoa. Tofauti ikizidi volti 1, kuna mahali umeme unapotea. Halafu apime upande wa ethi, yaani waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi, peke yake: ncha moja ya mita kwenye waya wa ethi wa pampu, nyingine kwenye bati safi la bodi. Ikizidi 0.2, ethi ni mbovu. Ethi husahaulika na kila mtu. Waya mwekundu unapimwa mara kumi, na ule mweusi uliofungwa kwa skrubu kwenye bati lenye kutu haupimwi hata mara moja. Gari lina miaka zaidi ya 30. Kutu imepata muda wa kutosha.

Kisha, na hili ndilo muhimu kuliko yote, asiondoe kile kiwaya. Aiache pampu izunguke nusu saa akiwa pale pale, asiondoke. Akae aitazame mita. Kama kiungo ni kibovu, utaona namba zinaanza 11.8, zinakuja 11, zinakuja 10, jinsi kinavyopata joto. Hapo utakuwa umeileta Kitonga uani kwako. Betri nayo itashuka kidogo kwa kuwa injini haizunguki, kwa hiyo alinganishe na betri kila mara. Akiona moshi, au plastiki ikianza kunuka, azime mara moja. Jibu litakuwa limepatikana.

Akiona volti zinapotea, afuate njia kipande kwa kipande. Na mwalimu, mimi ningeanza na ile swichi ya siri ya marehemu baba. Alifanya jambo la busara, gari halikuibiwa mpaka leo. Lakini swichi nyingi za namna ile zilifungwa kwa kukata waya mkubwa wa pampu na kuupitisha kwenye kiswichi kidogo, na sasa ampea zote za pampu zinapita kwenye vidole viwili vya bati vilivyochoka. Fundi apime volti kabla ya swichi na baada ya swichi, pampu ikizunguka. Aiguse kwa mgongo wa kidole pia. Ikiwa ya moto, mmeipata. Kama unapenda ulinzi ule ubaki, na mimi ningeubakiza, swichi ihamishiwe kwenye waya mwembamba unaoamsha rilei. Ule unapitisha umeme kidogo sana, swichi haitaungua, na gari halitawaka kwa mwizi vile vile.

Rilei ya pampu yenyewe ifunguliwe ikaguliwe. Sehemu zilizochomwa risasi ndani yake hupasuka ufa mwembamba kama unywele, na ufa huo hufunguka ikipata joto. Fundi wa redio anaweza kuichoma upya kwa dakika tano.

Ikiwa volti ziko sawa nusu saa nzima, na cheche ipo gari likiwa limezima, basi turudi kwenye petroli yenyewe. Apime presha: injini yako ikiwa inazunguka na bomba la vakyumu la reguleta limechomolewa, inatakiwa paundi 38 hadi 44 kwa inchi ya mraba (psi). Akague kichujio kidogo cha kitambaa kilicho mdomoni mwa pampu ndani ya tangi. Kwenye pampu za mtumba mara nyingi kinarudishwa kile kile cha zamani, kimejaa tope. Jaribu pia kufungua kifuniko cha tangi gari likizima. Ukisikia hewa inavutwa ndani kwa nguvu, tangi halipumui.

Kontroli boksi usiinunue. Mpaka sasa hakuna dalili hata moja inayoielekea. Kabla hata ya kuitaja, fundi aunganishe TE1 na E1 kwenye kile kiboksi cha DIAGNOSIS, afungue swichi, ahesabu mipepeso ya taa ya injini. Ikipepesa mfululizo bila kupumzika, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikitoa 12 au 13, ni ile taarifa ya mzunguko kutoka kwenye disitributa. Ikitoa 14, ni upande wa moto wa plagi. Taa kutowaka safarini hakumaanishi hakuna kumbukumbu, kwa hiyo zisomwe.

Kazi ya waya ikifanyika, usikubali tepu juu ya kusokota. Kiungo kichomwe risasi au kibanwe kwa kibanio chake, kifunikwe kwa mpira unaosinyaa kwa joto, na kisiwe juu ya kifuniko cha tangi, kisogezwe pembeni. Waya wowote uliokakamaa ukatwe mpaka shaba inayong'aa ionekane. Uchomaji wote ufanyike tangi likiwa limefunikwa na betri imechomolewa. Hapa simbembelezi mtu.

Kliniki ya mama ya mwezi huu, kama gari bado halijapimwa, pandeni basi. Na baada ya kutengenezwa, safari ya kwanza ya kurudi usiwe na mama wala mtoto ndani. Jaza tangi zaidi ya nusu, simama Ruaha Mbuyuni, ununue vitunguu vyako, mwombe fundi umeme awe na wewe na mita yake. Nyaya mbili ndefu zitoke kwenye soketi ya pampu hadi kiti cha mbele, kila moja na fyuzi yake ndogo kule nyuma inakoanzia, aishike mita mapajani mkipanda. Injini ikiwa inachaji, namba ikibaki juu ya 13 mpaka juu kabisa, rudisha mama yako kwenye kiti chake.

Niandikie hizi namba tatu: volti za betri, volti za pampu ikiwa inazunguka baada ya nusu saa, na ile ya ethi. Na uniambie soketi chini ya kiti ilikuwa ya rangi gani.